Ekstensheni iliyokuwa ikinyamaza katikati ya kazi

Hii ni ya zamani kidogo, kipindi hicho tuna solushini (mkusanyiko wa projekti) moja kubwa ya C# kwenye Visual Studio, programu ya Microsoft ya kuandikia kodi, projekti zimejazana humo na karibu zote zinategemea ile moja ya chini kabisa. Sasa ukiiharibu hiyo ya chini ndo unakula kosa la CS0006 mpaka basi, kila projekti inalalamika haioni dll (faili la kodi iliyokwisha kubildiwa) ya mwenzake na wewe unahangaika kutafuta lile kosa moja la kweli lililoanzisha fujo yote. Kuna jamaa alikuwa ametuandikia ekstensheni (programu-jalizi) ya kukatisha bildi, yaani ile kazi ya kugeuza kodi kuwa programu, projekti ya kwanza tu ikifeli, kisha akahama kazi, kodi nikarithi mimi.

Wazo lilikuwa zuri na wala si gumu. Kupitia DTE, mlango wa kuiendesha Visual Studio kwa kodi, unapata iventi (taarifa) za bildi: OnBuildBegin bildi nzima ikianza, OnBuildDone ikiisha, na hapo kati OnBuildProjConfigDone kila projekti inapomaliza, inakuletea jina la projekti, konfigi zake, platifomu, na mwisho kabisa true au false. Ukiona false unaita Build.Cancel, amri ya kukatisha bildi, umemaliza.

Tatizo, watu walikuwa wanasema inafanya kazi ukishafungua Visual Studio tu, baada ya muda inanyamaza. Hamna erori, hamna kitu kwenye logi, bildi inafeli na ekstensheni haina habari. Nikiiwasha kwenye debaga inafanya kazi vizuri kabisa mbele ya macho yangu kama inanikejeli vile. Wengine wakaanza kusema itolewe tu, na kusema kweli sikuwa na la kuwajibu.

Siku hiyo dada mmoja wa timu akasimama nyuma ya kiti changu, akawa anasoma, akafika hapa:

dte.Events.BuildEvents.OnBuildProjConfigDone += ProjektiImeisha;

"Kaka, hiyo BuildEvents nani kaishika?"

"Kaishika kivipi?"

Akavuta kiti. Kile unachopewa pale, akasema, ni ganda tu la .NET juu ya kitu cha COM (teknolojia ya zamani ya Microsoft ambayo Visual Studio inaitumia kwa ndani), na usipoliweka kwenye fildi ya klasi hakuna anayelielekea, kwa hiyo gabeji kolekta, ile inayosafisha memori ya .NET, ikipita inalizoa na handla yako (kodi inayosubiri iventi) inaondoka nalo, Visual Studio yenyewe inaendelea kutangaza kama kawaida ila wewe hupo tena kwenye mstari. Ndo maana kwenye debaga haikuonekana, nilikuwa nawasha, nabildi, nazima, memori haijafikia hata kusafishwa.

Sikubali kitu kama hicho kwa maneno, tukaweka kitufe cha muda kwenye menyu, ndani yake GC.Collect() na GC.WaitForPendingFinalizers(), za kulazimisha huo usafishaji wa memori ufanyike papo hapo. Tukabildi, iventi ikaja. Nikabonyeza kitufe. Tukabildi tena: kimya. Aisee tulicheka. Tatizo la muda wote huo sasa linakuja kwa kubonyeza, hakuna raha kama hiyo kwa mtu wa kodi. Dawa ikawa fildi moja, private BuildEvents _bildi, na ile += ikapitia humo.

Ilipoacha kunyamaza ndo likajitokeza jingine. Projekti zinabildiwa kadhaa kwa pamoja, hivyo mbili zikifeli karibu karibu Build.Cancel inaitwa mara mbili, na ya pili ikikuta amri haipatikani tena inatupa eksepsheni usoni kwa mtumiaji. Hilo lilikuwa dogo, bendera moja ya bool ya kukumbuka kwamba tumeshakatisha, inasafishwa kwenye OnBuildBegin. Yule dada alitaka tuhamie IVsUpdateSolutionEvents2, njia nyingine ya kupata iventi hizo, moja kwa moja kwa sababu UpdateProjectCfg_Done inakutofautishia iliyofeli na iliyokatishwa, na mimi nilikubaliana naye, ila tukaiacha kwa toleo la mbele maana watu walikuwa wanasubiri.

Tukaitoa. Kabla ya mchana mkubwa mmoja wa timu akaja amenuna, eti bildi yake inakatika kabla hajaona makosa yote, yeye anapenda kuyaona yote kwa mpigo ayarekebishe kwa mpigo. Tukamwekea swichi ya kuizima kwenye menyu, palepale kilipokuwa kile kitufe cha GC.Collect().