Helmeti ya baiskeli kwa joto la Mombasa: kagua povu kabla ya urembo

Kwenye foleni ya feri ya Likoni, kati ya waendesha baiskeli wachache wanaovaa kitu kichwani, utaona kofia ngumu za kila namna: ya bodaboda, ya mjengo, mara moja moja ya baiskeli yenyewe. Mwenye ya mjengo ana nia njema, ila kofia ile imeundwa kwa ajili ya tofali linalodondoka kutoka juu. Ndani ina mikanda ya kuning'inia tu, ubavuni haina cha kufyonza pigo, na mara nyingi haina kamba ya kidevu. Mtu wa baiskeli huanguka kwa ubavu, na kofia hiyo humtangulia mtaroni. Ya bodaboda inalinda vizuri, lakini hupita kilo moja, huziba masikio, na saa saba mchana mwezi wa Februari ni jiko. Mtu ataivua kabla hajafika Kongowea, akaining'iniza kwenye usukani.

Helmeti ya baiskeli ina gramu 250 hadi 350 hivi, na karibu kazi yote hufanywa na povu la polistaireni, ndugu wa lile jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni mpya, ila limeshindiliwa zaidi. Bell ya Marekani ilitoa Bell Biker mwaka 1975, povu hilo ndani na ganda gumu la plastiki juu, na mpaka leo helmeti nyingi zimejengwa kwa msingi huohuo. Hesabu yake si ngumu. Kichwa kikianguka kutoka mita 1.5 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Kikipiga lami kikiwa kitupu, kina milimita chache tu za kusimamia, tuseme 3. Gawanya mita 1.5 kwa mita 0.003, unapata mshtuko wa wastani wa mara 500 ya mvutano wa dunia. Weka povu litakalobonyea milimita 20 na mshtuko unashuka hadi mara 75. Hizo milimita 17 za ziada ndizo unazolipia dukani. Rangi, michirizi ya kimichezo na jina la timu ya Ufaransa ubavuni haviongezi hata moja.

Tatizo ni kwamba povu hilo likishabonyea halirudi. Linafanya kazi mara moja, basi. Ganda linaweza kubaki zima na kung'aa huku povu chini yake limeshapondeka, na ndiyo maana helmeti iliyopiga barabara kichwa kikiwa ndani hutupwa hata kama haionyeshi jeraha. Ziko zinazotumia povu la polipropilini, ambalo hurudi polepole na kuvumilia zaidi ya pigo moja, lakini ni chache sokoni.

Viwango viwili utakavyokutana navyo kwenye stika za ndani ni EN 1078 cha Ulaya na CPSC cha Marekani. EN 1078 huangusha helmeti ikiwa na kichwa cha bandia kwenye chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, na mshtuko usizidi mara 250 ya mvutano wa dunia. CPSC, kilichoanza kutumika 1999, huangusha kutoka mita 2 na kuruhusu hadi 300. Vyote viwili vinapima anguko la moja kwa moja. Lakini hakuna anayeguswa na kioo cha matatu akaanguka wima namna hiyo: kichwa hufika chini kikiwa kinaserereka, lami inalikamata ganda, na kichwa kinazungushwa ghafla. Ubongo huvumilia mzunguko huo kwa shida zaidi kuliko pigo la moja kwa moja.

Hapo ndipo wabunifu wa miaka ya karibuni walipojikita, na hapo wamefanya kazi ya maana. MIPS ilianzia Stockholm, kwa daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst na mtafiti Peter Halldin wa chuo cha ufundi cha KTH. Ni utando mwembamba wa plastiki ya manjano au nyeusi kati ya povu na kichwa, umeshikwa na vipande vya mpira, unaoruhusu helmeti kuteleza milimita 10 hadi 15 upande wowote wakati wa pigo. WaveCel, iliyotoka kwenye helmeti za kampuni ya Bontrager mwaka 2019, inatumia kimia cha plastiki kinachokunjamana na kuteleza. Chuo kikuu cha Virginia Tech huzipima helmeti kwa kuziangusha kwenye chuma kilichoinamishwa nyuzi 45 na kubandikwa msasa, kwa mwendo wa mita 4.8 na mita 7.3 kwa sekunde, kisha hutoa nyota kutoka moja hadi tano. Tafuta orodha yao mtandaoni kabla ya kununua. Utakuta helmeti za bei ya kawaida zimezishinda za bei kali, jambo ambalo wauzaji hawalitaji.

Ukinunua MIPS, ingiza vidole ndani na uusukume ule utando. Lazima uteleze kidogo kila upande. Kama haujongei, ni gundi na plastiki ya kudanganyia macho, au kuna mtu amebandika pedi za ziada zikaukaza.

Ubunifu mwingine unafurahisha zaidi kusoma kuliko kuvaa hapa kwetu. Hövding ya Uswidi, iliyobuniwa na Anna Haupt na Terese Alstin, ilikuwa mfuko wa hewa unaofungwa shingoni. Vihisi vikitambua kwamba unaanguka, unajaa hewa ukafunika kichwa. Majaribio ya chuo kikuu cha Stanford mwaka 2016 yalionyesha mfuko wa namna hiyo ukipunguza mshtuko mara tano au sita kuliko povu, ingawa watafiti waliujaza hewa kabla ya kuuangusha. Kola nzito shingoni, ya kuchajiwa kama simu, ya kutumika mara moja, kwenye jasho la Mombasa? Desemba 2023 kampuni ilifilisika. EcoHelmet ya Isis Shiffer, iliyoshinda tuzo ya ubunifu ya James Dyson mwaka 2016, ni karatasi iliyokunjwa vyumba vidogovidogo, inalala bapa kwenye mkoba, nayo imepakwa dawa ya kuzuia mvua kwa saa tatu hivi. Wazo safi sana kwa baiskeli za kukodi mijini. Mvua ya Mei ya hapa haina adabu ya kukoma baada ya saa tatu.

Kwa Mombasa, ubunifu wenye faida ya kila siku ni njia za hewa. Usihesabu matundu. Geuza helmeti uangalie ndani: lazima kuwe na mifereji iliyochongwa kwenye povu, kina cha kidole hivi, kutoka matundu ya kwenye paji la uso hadi ya kisogoni. Matundu ishirini yasiyounganishwa na mifereji yanaingiza hewa ambayo haina pa kutokea. Helmeti laini za mashindano, zilizozibwa ili zikate upepo, waachie wanaokimbia kilomita 45 kwa saa kwenye baridi.

Haya yote hayana maana kama helmeti haikai kichwani, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Chukua tepe ya fundi cherehani, izungushe kichwa sentimita 2 juu ya nyusi na kwenye sehemu iliyojitokeza zaidi kisogoni. Saizi ya kati kwa kawaida ni sentimita 55 hadi 59, ndogo ni chini ya hapo, kubwa ni juu yake, lakini soma stika maana kampuni zinatofautiana. Mwenye misuko apime baada ya kusukwa, na apime tena akifumua. Anayevaa ushungi avae kitambaa chembamba kisichoteleza, pini zikae kifuani na si kichwani, na fundo la nywele lishuke shingoni. Kofia ya kushonwa kwa mkono itiwe mfukoni hadi utakapofika: kuta zake ngumu huinua helmeti, ikabaki ikichezacheza.

Ivae ikiwa sawa, si kama chepeo iliyorudishwa nyuma. Ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi. Kaza gurudumu dogo la kisogoni hadi uweze kuinama bila helmeti kushuka, kamba zikiwa bado wazi. Halafu kamba: ya mbele na ya nyuma zikutane chini kidogo ya sikio zikitengeneza umbo la Y, wala zisipite juu ya sikio. Funga klipu, acha nafasi ya kidole kimoja au viwili chini ya kidevu. Sasa piga mwayo mkubwa. Unatakiwa uhisi helmeti ikivutwa chini. Mwisho isukume kutoka mbele kwenda nyuma kwa kiganja. Ikifunua paji la uso, kaza kamba za mbele. Ikisukumwa kutoka kisogoni na kuziba macho, kaza za nyuma. Kamba hulegea zenyewe kwa jasho na kufuliwa, kwa hiyo jaribio la kiganja lirudie kila wiki.

Watoto wana mtego wao. Ukiona helmeti ndogo yenye klipu ya kijani, huenda ni ya kiwango cha EN 1080, iliyokusudiwa michezo: klipu hufunguka yenyewe ikivutwa kwa nguvu, ili mtoto asinyongwe na kamba akinasa kwenye mti au bembea. Kwa barabarani haifai, kwa sababu hiyohiyo.

Mitumba sasa. Wapo wanaosema usinunue kabisa helmeti ya mtumba. Ushauri huo mzuri unamwacha kichwa wazi mtu anayebeba mkate Kisauni alfajiri. Nunua, ila kagua kwa zaidi ya macho. Soma stika ya ndani: EN 1078 inadai jina la mtengenezaji, saizi, uzito, na mwaka pamoja na robo ya mwaka ilipotengenezwa. Stika ikiwa imebanduliwa, rudisha. Ikiwa imepita miaka kumi, rudisha. Toa pedi zote, upeleke povu juani na ulitanue taratibu kwa mikono miwili huku ukitazama mifereji. Ufa hufunguka hapo. Pitisha kidole gumba ndani na nje ukitafuta sehemu iliyobonyea, laini kuliko mwenzake wa upande wa pili, au inayong'aa kwa kushindiliwa. Ganda likiachana na povu na kutoa mlio wa kitu kilicholegea ukiligonga, lilishapigwa au lilishapikwa. Vuta kila kamba kwa nguvu zote pale inapoingia kwenye povu. Na ukikuta rangi ya kupulizia, usiulize bei: thina hula polistaireni, na rangi huficha nyufa. Petroli hufanya hivyohivyo, kwa hiyo helmeti na chupa ya mafuta ya bodaboda visikae kwenye mfuko mmoja.

Jua ni adui mwingine. Dashibodi ya gari lililoegeshwa mchana huko Mama Ngina inaweza kulitoa ganda malengelenge. Nyumbani itundike kivulini penye upepo. Pedi zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida kila wiki, zikauke kivulini. Jasho na mafuta ya nazi vikigandamana, vishikizo vya pedi huachia na helmeti hupata uwazi. Usitumie jiki. Skrubu na riveti zikianza kutu, jambo ambalo kwa hewa ya bahari halichukui muda, zifute na upake tone la mafuta ya cherehani kwenye chuma peke yake.

Halafu kuna ajali ambazo helmeti haiwezi kitu. Povu la milimita 25 halibishani na trela la bandarini. Kuanzia Makupa hadi Changamwe na Miritini, hatari kubwa ni ubavu wa kushoto wa lori: dereva ameketi kulia, na akikata kushoto, trela linakatiza ndani zaidi ya kichwa cha lori. Lori likisimama, baki nyuma pale unapoona kioo chake, usijipenyeze kati yake na ukingo. Kwenye tuktuk na matatu zilizosimama acha mita moja, maana abiria hushuka bila kutazama. Juu ya daraja la Nyali, wakati wa kusi, upepo wa ubavu unaweza kuisogeza baiskeli yenye mzigo mrefu kwenye keria. Punguza mwendo kabla ya kupanda, funga mzigo chini.

Na breki. Black Mamba yenye breki za vyuma kwenye rimu za kromu hupoteza sehemu kubwa ya ushikaji mvua ikinyesha. Kwa kilomita 20 kwa saa unakula mita 5 na nusu katika sekunde moja kabla mkono haujakaza, hata kukiwa kikavu. Ikinyesha, shika breki kidogo kidogo mita 30 kabla ya tuta ili raba zifute maji kwenye rimu, ndipo ukaze. Raba zilizobaki milimita 3 zibadilishwe, na kwa baiskeli ya breki za waya, waya wenye hata uzi mmoja uliokatika ubadilishwe siku hiyohiyo. Chumvi ya hapa ikishaingia ndani ya ganda la waya, nyuzi zilizobaki hazikawii.