Siku moja maishani mwangu: mimi na ufa wa milimita 3

Watu wakisikia nafanya kazi za visima vya mafuta wanauliza helmeti iko wapi. Sina jamani. Mimi nakaa na kompyuta natengeneza modeli ya jinsi mafuta, gesi na maji yanavyotembea kwenye mwamba uliopasuliwa kwa maji ya presha, kisima kimeshuka chini kabisa kikakata kona kikalala kilomita 2 na ushee. Buti zangu safi kuliko za mhasibu.

Saa 1:30 asubuhi. Nacheki simulesheni niliyoiacha usiku. Nilitaka miaka 20, imekufa siku ya 37.

Saa 2 mpaka saa 4 ni barua pepe na kikao.

Saa 4 naanza kumtafuta mchawi, na mtu wa kwanza kushukiwa ni ufa. Mwamba wenyewe haupitishi kitu, upenyezaji wake tunaupima kwa nanodasi, yaani sehemu moja ya bilioni ya dasi (jina la Henry Darcy, yule Mfaransa aliyepitisha maji kwenye mchanga akachapisha kanuni yake 1856), halafu pembeni yake kuna ufa uliojaa mchanga unaopitisha mara mamilioni zaidi. Upana wake milimita 3. Ukiuchora hivyo hivyo kwenye gridi (vijumba, yaani viseli, tunavyogawia mwamba kwenye kompyuta), kile kiseli hakina nafasi ya kubeba chochote, hesabu hazikutani, programu inakata hatua ya muda nusu, inakata tena nusu, siku inakuwa saa, saa inakuwa dakika, mwisho inajifia. Kwa hiyo tunadanganya kidogo, ufa tunaupa sentimita 30 halafu upenyezaji tunaugawa kwa 100, maana kinachotakiwa kisibadilike ni upana mara upenyezaji. Nikapitia nyufa zote moja moja. Mia, mia, mia. Zote sawa. Macho yanauma.

Sijui saa ngapi hapo, mchana umeshapita, ndo naangalia data ya mteja. Siku ya 37 presha ya chini ya kisima imeruka juu ghafla, ila safu ya uzalishaji imeandikwa namba ile ile ya jana yake, imekopiwa tu. Mimi modeli naiendesha kwa presha, yaani naipa presha ya kisimani yenyewe ikokotoe uzalishaji, sasa ikaona presha ya kisimani imezidi ya kwenye nyufa ikaanza kurudisha mafuta ardhini! Nikampigia.

“Mkuu, siku hii kisima kilifungwa?”
“Hapana injinia, hakijawahi kufungwa.”

Nusu saa baadaye ananipigia mwenyewe. “Aah, tulikifunga, kuna bomba lilikuwa linatengenezwa. Kwani ina shida?”

Nikanyamaza kidogo kwanza.

Nimerekebisha, nimeiwasha upya, giza limeshaingia ikavuka 37, na kwenye grafu ya logi kwa logi (uzalishaji dhidi ya muda, pande zote mbili kwa skeli ya logi) mstari ukashuka kwa mteremko wa nusu, safi kabisa, mtiririko wa moja kwa moja kutoka mwambani kuingia kwenye ufa. Hiyo raha huwezi kumuelezea mtu. Ila mstari ukiwa bado umenyooka maana yake nyufa hazijaanza kugombania mafuta, kwa hiyo data ya miezi 6 haiwezi kusema jumla ya mafuta itaishia wapi, ndo maana nikamtumia mteja makadirio 3, la chini, la kati na la juu.

Akajibu saa 4 usiku: “Asante injinia. Nipe moja tu.”