Minazi ya Mtwara na Lindi: ninavyopanga safari kwa mwezi, jua na maji

Leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame? Hilo ndilo swali la kwanza ninalouliza kabla ya kukodi bajaji kwenda Mikindani au kuvuka kwenda Msangamkuu. Ghuba zetu ni za maji mafupi ukingoni, na siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka mbali, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inazidi mita 3. Minazi ile ile inayoinamia maji ya bluu saa 10 jioni, saa 4 asubuhi ya siku hiyo hiyo inatazama tope na mitumbwi iliyolala ubavu. Mgeni aliyekuja na picha aliyoiona kwenye simu anafika muda wa tope, anaondoka akisema Mikindani haina kitu. Mikindani inacho, ila alifika saa isiyo yake.

Hesabu ni rahisi ukishaizoea. Mwezi mosi hadi wa 3 kwa hesabu ya mwezi wa kuandama, na tena wa 15 hadi wa 17, ni bamvua: maji yanajaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanakupwa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Ndiyo maana wiki moja baadaye, mwezi wa 8 hadi wa 10 na wa 22 hadi wa 24, saa zimegeuka: maji yanajaa saa 4 asubuhi na kupwa saa 10 jioni. Hayo ndiyo maji mafu, hayajai sana wala hayatoki mbali. Ukiwa na shaka, waulize wavuvi pale Feri, kivukoni Mtwara mjini. Wao hawatazami jedwali, lakini hawakosei kwa zaidi ya nusu saa.

Jua nalo lina ratiba yake. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi ukielekea baharini jua linakupiga usoni, alasiri linakuwa mgongoni mwako na bahari inatoa rangi yake yote. Kwa minazi ya barabarani mambo ni kinyume: asubuhi mwanga unapita chini ya makuti na kulala barabarani kwa michirizi mirefu. Desemba jua linachomoza kabla kidogo ya saa 12, Juni na Julai linachelewa hadi saa 12 na nusu. Mwishoni mwa Februari, na tena karibu na tarehe 20 Oktoba, adhuhuri linapita utosini kabisa. Siku hizo kati ya saa 5 na saa 9 usihangaike na picha, kila mnazi unakaa juu ya kivuli chake na uso wa mtu unakuwa na mashimo meusi machoni. Juni adhuhuri jua linakaa kaskazini, vivuli vinaangukia kusini, na hata saa 6 mchana barabara bado ina sura.

Kwa hiyo siku ninayoichagua ni ya bamvua, katika miezi ya Juni hadi Oktoba. Mvua zetu za kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo njia za mchanga zinashikamana vizuri kwa muda, na kijani bado kipo. Wanaokuja kwa gari kutoka Dar es Salaam waulize hali ya barabara ikiwa mvua zimechelewa kuisha. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika upande wa Kilwa na watu wakakwama njiani.

Naanza na barabara ya Mtwara kwenda Mikindani, kama kilomita 10 za lami. Daladala zipo, ila hazikusubiri ukitaka kusimama, kwa hiyo nakodi bajaji ya kwenda na kurudi na kukubaliana mapema kwamba tutasimama mara nne au tano. Hilo lisiposemwa mwanzo, ndipo mabishano yanapozaliwa. Tunatoka saa 12 na robo. Sababu si mwanga peke yake. Barabara hii ndiyo inayoleta malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma hadi bandarini, na ukifika msimu wa korosho yanaongezeka ya mizigo hiyo pia. Lori lenye tela haliwezi kukukwepa ghafla. Bajaji ishuke nje ya lami kabisa, kwenye sehemu iliyonyooka, si kwenye kona wala karibu na kalvati, na mpiga picha abaki upande mmoja wa barabara. Mtindo wa kusimama katikati ya lami ili minazi ikae kulia na kushoto, hapa usiujaribu. Picha hiyo inapatikana kwenye vichochoro vya mchanga vinavyoingia mashambani, ambako kinachopita ni baiskeli na mbuzi.

Kuhusu picha yenyewe, kosa la kawaida ni kutumia lenzi pana ya simu. Inafanya minazi iliyo mbele iangukie nje na ile ya nyuma iwe vijiti. Rudi nyuma hatua 20 au 30, tumia kukuza mara 2 au 3, piga magoti, halafu panga mashina yafuatane. Minazi itasogeleana na njia itaonekana ndefu. Gusa kioo cha simu penye anga, ushushe mwanga kidogo, makuti yasiungue kuwa meupe. Makuti yanang'aa kama bati jua likiyapiga, na miwani ya jua ya polaroidi ukiishika mbele ya lenzi na kuizungusha polepole inapunguza mng'ao huo vizuri sana.

Sasa shamba. Minazi yote ina mwenyewe, hata ile inayoonekana imejiotea ufukweni. Usiingie bila hodi, na usiokote nazi iliyoanguka: iliyo chini ni mali kama iliyo juu. Natafuta nyumba ya karibu, natoa shikamoo, nasema nimekuja kuangalia minazi na kupiga picha mbili tatu. Sijawahi kukataliwa, na mara nyingi napewa kijana wa kunionyesha njia. Kijana huyo mlipe. Mkwezi akipanda ili umpige picha, hiyo ni kazi kama kazi nyingine, mkubaliane malipo kabla hajakanyaga kata ya kwanza iliyochongwa kwenye shina. Na usimwombe apande shina likiwa limelowa.

Kabla ya kutandika mkeka au kuegesha chombo chini ya mnazi, tazama juu. Kuti la chini lililokauka na kuning'inia litaanguka, kwa sababu mnazi unatoa kuti jipya kama kila mwezi na la zamani lazima liachie. Nazi zilizogeuka kahawia nazo ziko njiani kushuka. Vidaka na vitale, yaani nazi changa kabisa, hudondoka ovyo lakini ni vyepesi. Dafu na koroma, yaani nazi inayokaribia kukomaa, hushika imara, ila dafu lililojaa maji lina uzito kuliko nazi kavu, na mkwezi akiliangusha halichagui kichwa. Miezi ya kusi, upepo wa kusini, upepo unaamka kuanzia saa 4 asubuhi, na mafungu ya upepo ndiyo yanayoangusha. Kaa umbali wa hatua sita au saba kutoka kwenye shina, upande upepo unakotoka.

Utakutana pia na vigogo vitupu vilivyosimama kama nguzo za simu. Usidhani vimepigwa radi. Kuna ugonjwa unaoua minazi, nao umeumiza sana mwambao wa kusini: nazi changa zinapukutika, makuti yanageuka manjano kuanzia chini, mwishoni kilele kinaoza na kuanguka. Makuti yaliyokatwa kwa mkato wa pembe, kama mtu ameyachonga kwa mkasi, hiyo ni kazi ya chonga, mdudu anayetoboa kilele kabla jani halijafunguka. Nayasema haya kwa sababu safu nyingine za minazi zilizosifiwa zamani leo zina mapengo, na anayezipenda aje azione sasa. Akiweza, anunue nazi kwa wenye mashamba badala ya sokoni, ili mwenye shamba aone faida ya kupanda miche mipya. Mnazi wetu mrefu wa asili unakaa miaka sita hadi minane ndipo uzae.

Saa 3 narudi mjini na kushuka Feri kuvuka kwenda Msangamkuu. Ni rasi, si kisiwa, ila kwa kuwa unavuka maji unaiona kama kisiwa. Kivuko kipo, na boti ndogo zipo. Ukipanda boti, vaa jaketi la kuokolea na usikubali ijazwe. Bamvua inatufaa hapa: karibu saa 4 maji yametoka, ufukwe wa nje umekuwa mpana na mgumu, unatembea kwa mguu huku minazi ikiwa upande wa nchi kavu. Vaa viatu vya plastiki vyenye kisigino kilichofungwa, miamba ya matumbawe inakata na nungunungu wa baharini wenye miiba hawana huruma. Maji yakigeuka, yanapanda kwa kasi zaidi saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa. Kwa hiyo ikifika saa 6 mchana uwe umeshatoka kwenye fungu la mchanga lililotenganishwa na nchi kavu. Ukiona maji yamekuzunguka, usingoje yashuke, yatachelewa mpaka usiku.

Alasiri ni ya Boma la Mikindani. Wajerumani walilijenga mwaka 1895 juu ya mji, sasa ni hoteli. Unasalimia mapokezi, unaomba kupanda mnarani, unaagiza chochote cha kunywa. Fika saa 9 na nusu. Saa 10 ghuba imejaa, jua liko mgongoni, unaona mapaa ya mji mkongwe, minazi, mikoko na mashua kwa mtazamo mmoja. Hapa ndipo Livingstone alipopita mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Ukishuka kupita vichochoroni, mabega na magoti yafunikwe, kanga moja inatosha, na watu uwaombe kabla ya kuwapiga picha.

Msimbati inataka siku yake peke yake. Ni zaidi ya kilomita 40 kutoka Mtwara mjini kupitia Madimba, na ufukwe uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, unalipa kwa namba ya malipo, kwa hiyo maliza mjini ambako mtandao ni wa uhakika. Mchanga wa kuelekea Ruvula ndio unaokwamisha. Gari dogo lisijaribu. Gari la kuvuta magurudumu manne lipunguzwe upepo wa matairi kutoka psi 32 hadi 18 au 20, liende mwendo mmoja bila kukanyaga breki, na likitaka kusimama liachiwe lisimame lenyewe. Likizama, usizidishe moto: gurudumu linajichimbia mpaka ekseli ikae juu ya mchanga. Fukua mbele ya matairi yote manne, weka mbao au magunia, toka taratibu. Makuti makavu yanateleza, hayasaidii kama watu wanavyodhani. Ukirudi kwenye njia ngumu jaza upepo kabla ya kukimbia, tairi laini linapata joto na kupasuka. Na usiendeshe juu ya ufukwe, kasa wanataga humo. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na eneo lenye mitambo ya gesi na mpaka jirani si la kujaribia bahati. Mitambo yenyewe usiipige picha, hata kwa simu.

Lindi ni kama kilomita 105 kutoka Mtwara. Njiani, njia panda ya kwenda Masasi inaitwa Mnazi Mmoja, na hapo ni pazuri pa kununua madafu. Muuzaji akukatie lenye nyama laini, si koroma ambalo maji yake yameanza kuwa machachu. Mjini Lindi napanda Mtanda alasiri, jua likiwa nyuma, ghuba yote iko chini na minazi ya Kitunda ng'ambo. Kisha navuka Kitunda kabla ya saa 11 na kukaa ufukweni kutazama mji, kwa sababu kutoka upande huo jua linazama nyuma ya vilima vya Lindi na minazi ya mbele inakuwa myeusi tii juu ya maji mekundu. Muda wa chombo cha mwisho kurudi uulize unaposhuka, si unapotaka kuondoka. Uuzingatie hata kama jua bado halijagusa kilima.