Nikoloz Baratashvili na Farasi Wake

Usiku huu hapa Jinja, nikiwa ndani ya chandarua na tochi mkononi, nimesoma tena habari za Nikoloz Baratashvili, mshairi wa Jojia aliyezaliwa Tbilisi mwaka 1817 na kufariki Ganja, mji ulio Azerbaijan ya leo, mwaka 1845 kwa malaria, ugonjwa uliokwisha kutupokonya ndugu wengi hapa Uganda. Alikuwa karani tu, mwenye miaka 27, na mashairi yake hayakuchapishwa akiwa hai. Katika shairi lake “Merani”, mpanda farasi yuko radhi kuzikwa ugenini, mradi njia aliyoifungua imwie nyepesi ndugu atakayemfuata. Hapo ndipo machozi hunilengalenga kila mara. Mabaki yake yalirudishwa Tbilisi mwaka 1893.