Usafi wa Orodha ya Shangazi

Mwanzoni mwa Oktoba 2019 tulikaa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi la shangazi, Mombasa, tukisafisha orodha ya kazi kwenye simu yake. Kila kazi ilikuwa na tarehe ya mwisho: kupaka rangi mlango, kumpigia fundi bomba, VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Karibu zote zilishageuka nyekundu.

"Mwanangu, hii simu mbona inanigombeza?"

Swali la kuchujia lilikuwa moja: hii ikichelewa, nani atakutoza? Zikabaki chache: PAYE (kodi ya mishahara) kila tarehe 9, VAT tarehe 20, ritani (taarifa ya kodi) ya mwaka Juni 30, kodi ya pango. Rangi na fundi vikahamia orodha isiyo na tarehe, ya kupitiwa kila Ijumaa. Tarehe za kubuni zina hasara yake. Kidole huzoea kuahirisha, na VAT ikifika huahirishwa vilevile, ilhali faini yake ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, yoyote iliyo kubwa kati ya hizo mbili.

VAT ya mwezi ule ilikuwa na mtego. Tarehe 20 iliangukia Jumapili, tena Sikukuu ya Mashujaa. Kwa sheria ya Kenya siku haisogei mbele. Hurudi kwenye siku ya kazi iliyotangulia, yaani Ijumaa tarehe 18. Ukumbusho wa kujirudia kila tarehe 20 haujui hayo. Basi tukaandika 18 kwa mkono.

Lakini tarehe 18 si ya kuanzia kazi. Wakati ule ritani ya VAT ilitaka uingize PIN (namba ya mlipakodi) ya kila muuzaji, namba ya ankara na tarehe yake. Herufi ya mwisho ya PIN ikikosewa, faili lilikwama, na kumpata msambazaji wa saruji akutumie ankara safi kuliweza kula siku mbili tatu. Kwa hiyo tarehe 10 ikawa ya kukusanya ankara, 14 ya kuziingiza, 16 ya kutuma na kulipa. Kengele tuliiweka kwenye 10. Ile 18 ilikaa kimya pembeni, maana kengele ya siku ya mwisho hukukuta huna karatasi mkononi.

Kodi ya pango aliifuta mwenyewe. Mwenye nyumba, alisema, hajawahi kuhitaji simu ya mtu ili akumbuke kuja.