Nilivyopanga mada za wanaoanza kwenye kikundi chetu cha kompyuta

Kikundi chetu kina watu wanaoijua kompyuta hasa, na hao ndo walikuwa wanajitolea kutoa mada kila mara, matokeo yake mgeni akija anakaa nyuma kimya, anatingisha kichwa kama anaelewa, mwezi unaofuata humuoni tena. Nilipokabidhiwa ratiba nikasema nitaanza na hawa wanaopotea.

Cha kwanza nikaweka vikaratasi mlangoni, kila anayeingia aandike kitu kimoja kinachomsumbua kwenye kompyuta yake, jina asiweke. Hapo ndo utajua watu wanataka nini. Hakuna aliyeandika anataka kujifunza mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoendesha kompyuta kama Windows, waliandika vitu kama "nimedaunlodi faili sijui limeenda wapi" na "flashi yangu ni ya GB 64 mbona inasoma 59". Kila karatasi kwangu ikawa mada nzima.

Hiyo ya flashi tuliifanya mapema na ilitubeba sana. Mtoa mada akachomeka flashi, watu wakaona wenyewe 59 na kitu, halafu akaandika ubaoni, kiwandani GB 1 wanaihesabu ni baiti 1,000,000,000 ila Windows inahesabu kwa 1024 mara 1024 mara 1024, yaani 1,073,741,824, na bado inaiita GB hiyo hiyo. Chukua bilioni 64 gawanya kwa hiyo namba kubwa unapata 59.6. Basi, hamna aliyeibiwa. Watu walishusha pumzi kabisa, kuna mama alikuwa na uhakika kauziwa feki. Na flashi ikiwa bado imechomekwa akaunganisha hapo hapo kwa nini usiichomoe ghafla, kwamba kompyuta inaweza kuonyesha imemaliza kunakili wakati sehemu ya data bado iko kwenye memori haijaandikwa kwenye flashi. Dakika 20 zikaisha, muda uliobaki kila mtu akafanya kwenye mashine yake.

Kuanzia pale nikaweka sharti, kichwa cha mada kiseme mtu atakachofanya kwa mkono wake kabla hajaondoka. Mtu akiniletea "Umuhimu wa bakapu" namrudishia, tunageuza inakuwa "Leo unanakili picha zako sehemu mbili". Ile kanuni ya nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae mahali pengine inaingia vizuri sana mtu akiwa tayari na nakala ya pili mkononi, ukimtangulizia kanuni yenyewe anaona ni mlima.

Wataalamu wengine hili liliwauma kidogo, na nawaelewa, mtu anaipenda Linux, mfumo endeshi mwingine tofauti na Windows, kwa moyo wote anataka aanzie 1991 Linus Torvalds alipoitoa mara ya kwanza. Nikamwambia hadithi ni nzuri ila iweke mwisho, watakaotaka watabaki. Mwanzo washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, waifungue, waguse menyu, waone inafanya kazi bila kusanikisha (kuinstall) kitu kwenye diski. Ila onyo litangulie kabla hata mashine haijawaka: kitufe cha kusanikisha kisiguswe, ukichagua vibaya pale diski inafutwa yote. Hata kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri, mgeni lazima aambiwe mapema kwamba Ctrl+C kule inasimamisha programu haikopi, na amri ya kufuta, rm, haipeleki faili kwenye pipa la taka, likienda limeenda.

Kingine ninachokisimamia sana, msaidizi haruhusiwi kushika mausi ya mtu. Aelekeze kwa mdomo hata ikichukua muda. Ukimshikia umemaliza tatizo lake la leo tu, kesho akiwa nyumbani peke yake hajui pa kubonyeza. Kwa hiyo kila mada ina watu wawili, mmoja anaongea mbele na mwingine anazunguka nyuma ya viti akiangalia nani kaachwa.

Kabla ya siku yenyewe mtoa mada anajaribu mbele ya mtu mmoja asiyejua kabisa, na huyo kazi yake ni kunyoosha mkono kila neno geni likipita. Mimi nakaa kiti cha mwisho naangalia kama maandishi yanasomeka kwenye projekta, mara nyingi hayasomeki, kwenye brauza bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka nikubali.

Siku hizi natafuta watoa mada kwa wale waliojifunza juzi juzi, maana bado wanakumbuka walikwama wapi. Nampa dakika 10 tu na kitu kidogo, mfano kulitafuta faili ulilodaunlodi, na siku moja kabla tunakaa wawili tunaipitia.