Kwa Hiyo Unalipwa kwa Kupanda Daladala?

Saa 11 alfajiri simu inalia. Chai ya rangi, maandazi ya jana, na saa 1:30 nipo hospitali nafungua kabati la vifaa.

Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo (occupational therapist): ugonjwa ukimzuia mtu kufanya shughuli zake za kila siku, namsaidia azirudie. Nilisomea Moshi, hospitali ya KCMC, na tangu nimalize sijapata sentensi fupi ya kuieleza kazi hii mtu akaelewa. Majirani wanajua nachua watu. Wagonjwa wapya wanauliza sindano iko wapi.

Saa 2 mpaka saa 5: kikundi cha asubuhi, watu sita wanaosumbuliwa na wasiwasi uliopitiliza, tunakanda unga wa chapati na kupanga ratiba za wiki. Kisha fomu. Kisha fomu tena.

Saa 5:20 anaingia mgonjwa wangu, mshonaji wa nguo (ameniruhusu kuandika, na mambo machache nimeyabadilisha). Miaka miwili hajakanyaga Kariakoo. Siku ya mwisho kwenda huko alikuwa ndani ya daladala, moyo ukaenda mbio, vidole vikafa ganzi, akajua anakufa. Moyo ukapimwa, mzima. Nyumbani wakasema jini. Daktari wa akili amempa dawa na sasa analala, lakini dawa haiendi kununua vitambaa. Zipu na bitana anaagiza kwa watu, analetewa rangi siyo, wateja wanahama. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Tulipanga ngazi pamoja: kwanza kusimama kituoni tu, halafu kupanda gari lililosimama na kushuka, halafu kituo kimoja. Leo ndiyo zamu ya hicho kituo kimoja, Buguruni Sheli mpaka Malapa.

Shemeji yake kaja kumsindikiza. Nilipomweleza mpango alinitazama juu mpaka chini. "Kwa hiyo dada, wewe unalipwa kwa kupanda daladala?"

Nauli yenyewe natoa mfukoni mwangu. Sikumwambia.

Kituoni gari la kwanza limejaa, la pili halikusimama. Nikamuuliza mshonaji namba ya wasiwasi wake, sifuri mpaka kumi. "Nane." Basi tunasubiri hapo hapo. Wasiwasi ukikukimbiza ukiwa kileleni, mwili unaamini kukimbia ndiko kulikokuokoa, na safari ijayo unaanzia juu zaidi. Ukiuvumilia, unashuka wenyewe. Simwambii atulie, sijaona mtu aliyetulia kwa kuambiwa tulia. Namwambia atoe pumzi polepole kuliko alivyoivuta, kisha anisomee mshono wa gauni la dada aliye mbele yetu.

"Zipu imekaa upande," akasema.

"Mpe hata maji ya sukari, daktari," shemeji akadakia.

"Dakika tano, shemeji."

"Jua linawaka hili, mwalimu." Kwa nusu saa alinipandisha cheo na kunishusha mara nne.

La tatu likaja, konda anapiga bati: "Karume, Kariakoo! Nyuma kuna nafasi!" Nyuma hakukuwa na nafasi. Tukapanda. Mbele foleni imekaza, safari ya dakika chache ikawa robo saa, na kiganja chake kimenibana mkono mpaka saa yangu ikaacha alama. Tisa. Tisa. Halafu: "Nishushe."

Tulikubaliana tangu ofisini kwamba akilisema neno hilo mara mbili tunashuka palepale, iwe wapi. Nikasogea karibu na mlango, nikasubiri la pili. Mgongo wangu umelowa. Konda anadai nauli, mtoto wa mtu analia, na mimi nasikiliza mdomo mmoja tu.

Halikuja.

Malapa tukashuka. "Tano," akasema, akacheka kama mtu aliyepigwa chenga. Shemeji alishuka nyuma yetu anafuta jasho, kimya.

Baada ya hapo sijui saa zilikwendaje. Nilikula wali wa baridi, nikaona wagonjwa watatu, nikaandika taarifa ambayo mkubwa mmoja atasoma mstari wa "kupanda daladala" na kuniuliza maswali. Jioni nikarudi nyumbani nimesimama safari nzima, miguu inawaka, na konda mwingine anapiga kelele ileile ya nafasi nyuma.

Usiku ukaingia ujumbe. Picha ya karatasi ya kukatia mitindo: Malapa, Ilala Boma, Karume, Kariakoo, na la kwanza limekatwa kwa chaki. Chini yake kaandika: "Shemeji anauliza Alhamisi mnaondoka saa ngapi."